Siku Zangu Zimekoma, Mume Wangu Akasema Napanda Fisi

Admin, nifichie jina tafadhali, maana huku kwetu ukurasa huu unasomwa mpaka mnadani kwenye ng'ombe.

Ndugu zangu, mimi ni mama wa miaka hamsini, mkulima wa pamba, naishi Kasoli, Bariadi. Nina watoto watano na wajukuu wawili. Mume wangu nitamwita Baba Limi, ingawa binti yetu mkubwa haitwi Limi. Niliolewa naye nikiwa msichana mbichi, uzee umetukuta kwenye boma lile lile.

Mwaka jana siku zangu zilianza kuruka. Mwezi huu zipo, unaofuata hazipo, mwisho zikakatika kabisa. Hilo halikunisumbua, nilishukuru hata. Kilichonitesa ni joto. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka utosini, jasho linanitiririka, halafu nashikwa na baridi. Tunachambua pamba kivulini, wenzangu wakavu, mimi khanga imelowa. Usingizi ukapotea, nikawa natoka kukaa uani nipate hewa. Na kulia! Kitu kidogo tu nalia. Mama yangu alifariki mapema, hakuna aliyewahi kunieleza kwamba mwanamke hupita huko.

Wifi yangu, dada wa mume wangu aliyerudi nyumbani baada ya kuachika, ndiye aliyelianzisha. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia kaka yake, "Mwanamke halali, anatoka gizani peke yake, asubuhi ameloa jasho. Wewe unadhani anatoka wapi? Huyo anapanda fisi."

Kwa msiojua, huku wapo wanaoamini kwamba wachawi husafiri usiku juu ya mgongo wa fisi. Na mama mtu mzima akishapewa jina hilo, mnajua wenyewe linakoishia. Huku mapanga yameshazika wengi.

Nilisubiri Baba Limi amfokee dada yake. Akasema, "Hata mimi nimeliona."

Kuanzia hapo akahamia chumba cha wavulana. Nikimpelekea ugali anakata tonge la kwanza anamrushia mbwa, anakaa anamtazama. Mbwa asipoanguka, ndipo ananawa na kula. Mbele ya watoto wangu! Na mtu mwenyewe magoti yamekwisha, meno ya mbele hana, nywele anapaka dawa nyeusi akienda mnadani, na usiku hakai kitandani kwa kwenda kukojoa. Yeye akitoka nje ni umri. Mimi nikitoka ni fisi.

Pamba ilipokwisha kuuzwa akaleta mganga, mchana kweupe. Yule mzee alichinja kuku mweusi, akakamua nyongo kwenye kibuyu, akatia unga wake, akatafuna mizizi na kutemea humo humo. Akaniambia ninywe. Nikakataa. Baba Limi akanishika mikono kwa nyuma, wifi akaniziba pua. Lile povu la mate ya mtu lilipita kooni mwangu jamani. Nikatapika mpaka miguuni, nao wakashangilia eti uchawi unatoka.

Aliyenitetea ni mama mkwe, kizee anayetembelea fimbo. Alisimama mlangoni, akasema, "Mwacheni mtoto wa watu. Joto hilo nililipata hata mimi. Nikitoka kisimani nilikuwa najimwagia maji ya ndoo makusudi ili jasho lisionekane. Nilimwogopa baba yenu."

Mume wangu akamjibu, "Mayu, nyamaza." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Hivyo ndivyo alivyomjibu mama aliyemzaa.

Limi, huyo binti yetu mkubwa, aliposikia alikuja akanichukua, tukaenda kituo cha afya. Nesi aliniuliza siku zangu zilikoma lini, akanisikiliza mpaka mwisho, akanipima. Akasema, "Mama, hujarogwa na wala humrogi mtu. Ulivyovunja ungo mwili ulibadilika, na sasa unabadilika tena. Wanawake wote tunapita hapo." Nililia pale kwenye benchi kama mtoto. Limi akampigia baba yake kumweleza. Akajibiwa, "Huyo nesi amezaa wangapi, hata anifundishe mambo ya mke wangu?"

Sikurudi. Nilikwenda kwa kaka yangu, kijiji cha Ipililo, na mpaka leo nipo hapa.

Sasa wiki iliyopita Baba Limi amekuja na wazee wawili. Wifi ameolewa kwingine, palizi imefika, boma halina mtu wa kupika. Akasema mbele ya wote, "Mke wangu alikuwa anaumwa, nasikia amepona. Nimekuja kumchukua." Neno samahani halikutoka. Wazee wakafurahi, wakamsifu kwa moyo wake mkubwa. Akanyoosha mkono anishike bega, mate yakanijaa mdomoni, nikatoka nje mbio.

Kaka ananiambia, "Dada, mume ni mume. Ukifia kwangu, nani atakuzika?" Limi anasema nisithubutu kurudi. Mama mkwe amenitumia salamu kwamba tangu niondoke hakuna anayemwogesha, na huyo ndiye anayenivuta. Shamba lile pia nimelilima mimi kuliko yeye.

Wanakuja tena Jumapili baada ya ibada kuchukua jibu. Mama zangu mliokwisha kupita umri huu, na nyie akina baba wenye akili, naombeni mawazo yenu, nishike lipi? Msiniambie nisamehe, hilo nimeshalifanya. Ninachouliza ni hiki: mtu analalaje kitanda kimoja na mwanaume ambaye akimgusa tu, tumbo linamkataa?