Mkoba Niliouita Feki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko siku nyingine zote za ujana wangu: siku ya sendofu ya mama yako, ile sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, hapa hapa Tunduma. Nakusimulia leo kwa sababu umekuja kuniomba nikufundishe kutambua mkoba orijino. Unataka kuanza kuuza mikoba kwa simu, na watu wamekuambia mama yako mkubwa ndiye mjuzi. Nitakufundisha. Lakini kwanza ujue ujuzi wangu ulitufanyia nini.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha mikoba karibu na mpaka. Asubuhi navuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, narudi na mzigo begani, na jioni nawahubiria watu habari za ngozi na zipu kana kwamba nimezizaa mimi. Nilikuwa na mkoba wangu mmoja ambao sikukubali kuuuza. Mzambia aliyeniuzia aliniita mama kwa lugha ya kwao, "Bamayo, huu orijino kabisa," akanionyesha kadi yake ya uthibitisho na mfuko wake wa kitambaa, nami nikaamini. Tangu hapo kila mkoba niliouona niliupima kwa ule wangu. Ukifanana nao, orijino. Ukitofautiana nao, feki. Wasichana waliniletea mikoba waliyopewa na wachumba wao niikague, na kazi hiyo niliipenda vibaya mno.

Basi, siku ile ya sendofu ukafika wakati wa zawadi. Bibi yako, Mama Ambokile, mama mzazi wa baba yako, alikuwa ametoka Isongole. Alikuja mbele na kitu kimefungwa kwenye kitenge, akakifungua taratibu. Ulikuwa mkoba wa ngozi wa kahawia, wenye nembo ya kampuni kubwa ya Ulaya. Vigelegele vikalipuka ukumbi mzima. Mshereheshaji, na utani wake, akaniita, "Dada wa bibi harusi, mtaalamu wetu! Hebu tuambie, ni wenyewe au tumepigwa?"

Ningeweza kucheka tu nikasema ni wenyewe. Badala yake niliuchukua. Nikaunusa, nikavuta zipu, nikachungulia ndani. Kadi hamna. Nembo yake haikung'aa kama ya mkoba wangu, ilikuwa imekandamizwa tu kwenye ngozi, huioni mpaka uinamishe kichwa. Pembe zina mikwaruzo. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Mama katuletea feki, tena ya mtumba, lakini tunashukuru." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Bibi yako hakucheka. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Nilipewa na mama daktari wa misheni niliyekuwa namfulia nguo, siku anarudi kwao. Nikamtunzia mkwe wangu." Kisha akanyoosha mikono nimrudishie, akaufunga tena kwenye kitenge chake na kwenda kukaa. Mama yako alikuwa kwenye kile kiti cha mapambo, ananitazama. Jicho lile sijalisahau.

Ndoa ilifungwa, lakini bibi yako hakukanyaga Tunduma tena. Ulipozaliwa wewe tulimngoja aje akuogeshe na amkande mama yako kwa maji ya moto. Alituma ndizi na maharage kwa gari, mwenyewe hakuja, nasi tukaona haya kukupeleka kwake. Ndiyo maana umekua ukimjua bibi yako kwa simu. Ulikuwa ukiniuliza ana hasira ya nini, nami nabadilisha mazungumzo. Iliniuma kwamba nilimwaibisha, sikatai, ila nilijitetea moyoni kwamba angalau nilisema ukweli.

Mwezi uliopita nikautoa kabatini ule mkoba wangu wa kadi niende nao kanisani. Ukaniachia maganda mikononi. Ile niliyoiita ngozi ilikuwa plastiki, imebambuka yote. Nikakaa kitandani na nguo zangu za ibada, kanisani sikwenda. Kama kipimo changu chenyewe kilikuwa feki, nilimpima nini yule mama? Kesho yake nikapanda gari la Isongole bila kumwambia mtu.

Alinikaribisha jikoni kwake. Mkoba ulikuwa unaning'inia juu ya mafiga, mweusi kwa moshi, umejaa mbegu za maharage. Nikamwomba niushike, nikaufuta kwa khanga yangu. Mshono umenyooka, hakuna uzi uliochomoka. Zipu ikateleza bila kukwama. Chini ya masizi ngozi ilikuwa laini kuliko siku ile ukumbini. Nililia pale pale, nikamwomba radhi, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema haufai," akasema, "nikautafutia kazi. Nimekusamehe siku nyingi, mwanangu. Ila mjukuu wangu amekua sijambeba mgongoni. Sasa ni mtu mzima yule, nitambeba vipi?"



Alimwaga mbegu kwenye ungo, akanipa mkoba nikuletee. Huu hapa, ushike. Tazama mishono ilivyolingana. Pitisha kidole kwenye nembo, usikie ilivyozama. Unuse ndani, chini ya moshi utaipata ngozi. Kadi usiiamini, kadi inachapishwa popote. Na usipime cha mwenzako kwa kile ulichonacho wewe, mpaka ujue chako kimetoka wapi. Zaidi ya yote, mwanangu, zawadi ya mtu usiikague mbele za watu, hata wakikupigia makofi. Mvute kando, umuulize ameipataje. Ningemuuliza bibi yako hivyo tu siku ile, angekulea.

Kesho asubuhi kuna gari la Isongole. Biashara ya simu itakusubiri. Nenda na mkoba huu begani, bibi yako auone ukiwa umevaliwa. Mungu akupe jicho kali kwa bidhaa na ulimi wa pole kwa watu, na akufikishe salama bibi yako akiwa bado ana nguvu za kukukumbatia.