Pasipoti ya Mama Ndani ya Biblia

Mwezi uliopita mama alinisindikiza hadi uwanja wa ndege wa Kisumu. Tangu tutoke nyumbani Kombewa alikuwa ameshika pasipoti yangu mkononi, hataki hata niiweke kwenye mkoba. Wewe ungemcheka. Mimi sikuthubutu, maana najua hofu ile ilikotoka.

Nilikuwa na miaka tisa, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Mama alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Uingereza. Jumapili akina mama wa kanisa waliishika pasipoti yake wakaiombea, kisha nyanya akaiweka ndani ya Biblia ilale humo, kwenye Zaburi. Asubuhi ya safari mama alidamka akaondoka na gari la kwanza. Sisi tukiwa kwenye uji, nyanya akafungua Biblia yake, kumbe pasipoti bado imo. "Yawa!" akamaka, kikombe kikamponyoka.

Tulikimbia hadi stejini, kwenye kituo cha magari, nyanya miguu mitupu, Biblia kifuani. Kulikuwa na Peugeot ya abiria yenye watu watatu, na matatu iliyojaa karibu yote. "Mama, ingia hapa, imebaki nafasi mbili tu, tunatoka saa hii!" makanga akaita. Haya, niambie, nani angechagua gari lenye watu watatu tu? Tukaingia.

Mara bwana mwenye gazeti akashuka, eti anaenda kununua sigara. Mama mwenye kapu la viazi naye akashuka, kisha wengine wawili. Kuchungulia dirishani, namwona yule bwana ameketi kwenye matatu ya nyuma, gazeti lile lile mkononi. Kumbe walikuwa wa kukalia viti tu, gari lionekane limejaa! Wakati huohuo Peugeot ikatupita, imepata watu wake.

"Kijana, umeniwekea watu wa maonyesho!" nyanya alifoka. "Mtoto wangu ataachwa na ndege!"

"Pole, Mama. Bado watu wanne tu."

Nyanya akaanza kuomba kwa Dholuo, lugha yetu, kwa sauti. Niliogopa kumtazama. Tulikaa pale hadi jua likachoma bati la gari.

Tuliposhuka karibu na kiwanja cha ndege, ndege ilinguruma juu yetu ikaelekea ziwani. Mama alikuwa amekalia sanduku lake kando ya ua wa waya. Nyanya akampa pasipoti kwa mikono miwili. Mama hakumlaumu. "Twende nyumbani, Mama," alisema tu. Nafasi ile alipewa mtu mwingine, na hakupata nyingine tena.

Na mimi je? Nilishika sanduku upande mmoja, nikalibeba nikirukaruka. Nilifurahi kwamba mama haondoki, Mungu anisamehe. Sikuwahi kumwambia mtu.

Ua ule wa waya haupo siku hizi, Peugeot zimetoweka barabarani, nyanya naye tulishamzika. Biblia iko kwa mama, na pasipoti bado imo, haina hata muhuri mmoja.

Mwezi uliopita, mlangoni mwa uwanja wa ndege, mama alinikabidhi pasipoti yangu.

"Nenda," akasema. "Siku ile nilikuona ukirukaruka na sanduku langu. Hicho ndicho kilichonipa nguvu ya kurudi nyumbani."