Mstari wa Upindo

Siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyovuka Magogoni na mbuzi. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba, na marehemu mjomba wangu alinituma Kigamboni nikamnunulie mbuzi wa karamu ya arobaini ya mtoto wake. Nikachagua mwenye tumbo kubwa kuliko wote. Tulipoingia kwenye pantoni, yule mbuzi akaanza kukojoa, akakojoa mpaka abiria wakavua viatu. Mama mmoja akaniuliza, "Kaka, umenunua mbuzi au bomba?" Nafika nyumbani Msimbazi, tumbo limekwisha, nimeshika kamba yenye mifupa. Kumbe wauzaji walimlambisha chumvi akanywa maji debe zima. Mjomba hakunipiga. Alimpitisha yule mbuzi mkono mgongoni, akasema, "Mbuzi hatazamwi tumbo, anashikwa mgongo." Akaenda zake kuswali. Tulimla hivyo hivyo, mchuzi mwingi, nyama ya kutafuta.

Utasema mzee huyu ananipeleka wapi na mbuzi wake. Nivumilie. Nina miaka sabini na kitu, miguu imechoka, na maneno yangu nayo yanatembea kwa fimbo.

Shule niliiacha darasa la tatu. Nilichobaki nacho ni tarakimu, na tarakimu zinamtosha fundi cherehani. Nimeshona sare za shule barazani Kariakoo miaka mingi kuliko umri wa mama yako. Mwezi wa kwanza ukiingia, akina mama wanajipanga na watoto wao, na kila mmoja ana neno lile lile: "Fundi, upindo uache mpana, akulie humo." Maana yake kitambaa kikunjwe kingi chini ya suruali, ili mwakani mtoto akirefuka nikifungue, nishushe, sare ile ile iendelee. Ukishaushusha upindo, pale ulipokunjwa mwanzo panabaki mstari. Hautoki kwa sabuni wala kwa pasi. Watoto wanaujua. Mwenye mstari amekua.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa Upanga, mama yake Mhindi mpole sana, na kulikuwa na Shabani wa kwetu Msimbazi, ambaye mama yake alikuwa akifua nguo za watu huko huko Upanga. Kutoka barazani kwangu mpaka Upanga ni mwendo wa miguu tu. Wote wawili niliwapima Januari moja, wana miaka kumi na mitatu, urefu wa suruali inchi thelathini na nne. Niliandika kwenye daftari, ukurasa mmoja. Mwaka uliofuata yule wa Upanga alikuwa thelathini na saba. Shabani, thelathini na nne. Tena kiuno nikakipunguza.

Mimi nikafanya mzaha. Kariakoo mtu akikaa kimya wanadhani ameibiwa, kwa hiyo tunataniana. Nikasema, "Mama Shabani, umebahatika. Mwanao hali nguo. Wenzako kila mwaka wananipa kazi." Muuza kahawa naye akadakia, "Huyu walimhifadhi kwenye friji." Baraza zima likacheka. Mama akacheka, maana alikuwa ameokoa bei ya suruali. Shabani akacheka kuliko wote. Mwanangu, mtoto akicheka kuliko waliomcheka, mtazame vizuri. Mimi sikumtazama.

Baada ya miezi miwili akaja peke yake, ametoka shule.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Suruali imefanyaje?"

"Haijafanya kitu. Nataka unishushie upindo."

"Nikushushie uende wapi, wewe hujarefuka."

Akasogea karibu, akaongea chini chini. "Babu, darasani wananiita Chekechea. Wote wana mstari. Shusha inchi moja, halafu upunguze inchi moja huku juu kiunoni. Urefu utabaki ule ule ila mstari utaonekana."

Nikamwambia, "Wewe utakuwa fundi au mwizi." Nikashona. Nilijiona mtu mwema, babu wa siri. Nikamwahidi sitasema.

Nisichokijua ni kwamba mama yake alikuwa na wasiwasi tayari. Alikuwa ameomba ruhusa kwa tajiri wake ampeleke mtoto hospitali siku ya Jumatatu, maana mtoto alikuwa anasikia kizunguzungu. Jumapili akifua sare, akauona ule mstari. Akasema, alhamdulillahi, kumbe mtoto anakua. Jumatatu akaenda kazini. Inchi moja ya uzi wangu, mwanangu, ikamtuliza mama wa watu mwaka mzima.

Januari ya tatu wakaja tena. Napitisha futi yangu ya kupimia: thelathini na nne. Nikamwambia Shabani ainue mikono nimpime kifua. Akainua, akayumba, akakaa chini taratibu kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Uso umekuwa wa majivu. Bi Mwanaidi, mtu mzima kunishinda, ambaye alikuwa akinishonea vifungo pale pale barazani, akampa maji, akamshika mkono, akaukunja ukope wake wa chini akautazama. Kisha akamuuliza amekula nini.

"Nimekunywa chai."

"Na jana?"

"Jana nilikula jioni."

Bi Mwanaidi akanigeukia. Hakupandisha sauti. Akasema, "Futi unayo shingoni, mwaka wa tatu huu. Daktari gani mwingine anampima mtoto huyu? Wewe ndiye uliyemuona, na wewe ndiye uliyemcheka."

Nikafungua daftari. Ukurasa ule ule. Tarakimu za yule wa Upanga zimepanda kama ngazi, za Shabani zimelala. Nilikuwa nimeziandika mwenyewe kwa mkono wangu.

Basi, hapo aibu ikanifanya nikosee mara ya pili. Kwa kutaka kujisafisha nikasema pale pale, kwa sauti, mbele ya wateja na muuza kahawa na watoto wa shule waliokuwa wakisubiri: "Mama Shabani, ule mstari wa uongo. Mtoto alinituma nimdanganyie. Hajakua hata kidogo." Mama akafunika mdomo kwa khanga. Watoto wakatazamana. Shabani alikuwa anaangalia sakafu.

Walimpeleka. Hospitalini wakasema damu imepungua, minyoo ya muda mrefu, na chakula hakitoshi. Wakasema urefu mwingine utarudi na mwingine haurudi. Dawa walimpa. Chakula hawakumpa, wangekitoa wapi. Bi Mwanaidi akawa anamwekea sahani mchana, na mimi nikachangia, lakini alikula siku tatu tu.

Siku ya nne alikuja, akasimama. "Mama anasema asante."

Nikamwambia, "Nisamehe, mjukuu wangu. Nilikuahidi."

Akasema, "Kusema ungesema, babu. Ungeniita pembeni."

Nikamwambia haya ninayokwambia na wewe. Mwanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Njaa yako usiifiche, si wewe uliyeipika. Mwili usiokua hauna kosa, na wanaokucheka hawajakuzidi kitu ila sahani. Kizunguzungu kikikushika mwambie mtu mzima, na wa kwanza akicheka, mwambie wa pili. Na utakapokuwa mkubwa ukashika futi, au chaki, au ufunguo wa stoo, ukiona mtoto amebaki pale pale, usishangilie kwamba hana gharama. Uliza amekula nini. Ukishajua, sema, lakini sema na mama yake ndani, mlango umefungwa, maana aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na wala hajui jinsi mwenye njaa anavyoipenda heshima yake. Mungu akupe damu nzito, akupe mifupa migumu, akupe chakula chako bila kusimangwa, na akukutanishe na watu wazima wenye macho kuliko mimi.

"Amina," akasema, kwa adabu tu. Bi Mwanaidi alikuwa ameshafunua sahani. Shabani akaitazama, akamwambia, "Ahsante bibi, nimeshiba," akashuka barazani, akakata kona ya kwenda Msimbazi, na hapa kwetu hakurudi tena.