Sauti Ambayo Saidati Hakuifungua

Saidati ni fundi cherehani karibu na soko la Gisenyi, na huu ni mwaka wa kumi nashona ubavuni mwake. Ana mdomo, lakini ana kalamu pia. Marehemu Mzee Kadiri ndiye aliyemfundisha kuandika hadithi, na siku zile nazikumbuka kwa hamu, ingawa wawili hao walinipigia kelele kweli.

Macho ya Mzee yalikuwa yamefifia. Basi Saidati alimsomea hadithi kwenye WhatsApp, akamtumia sauti, na Mzee akajibu kwa sauti vilevile. Kikohozi kwanza, halafu kisu: "Bon, Saidati. Mutu akilia, usituambie analia. Mikono yake iko inafanya nini? Futa, anza tena." Mafundi wote tulisimamisha mashine tusikilize. Saidati alinuna, akafuta, akaanza tena.

Mwaka huu aliandika kifo cha mama yake, aliyebeba vitunguu kuvuka mpaka wa Petite Barrière maisha yake yote. Mzee akamwambia akiondoe kifo hicho. Saidati alipandwa na hasira. Sauti iliyofuata hakuifungua, makusudi, ili Mzee aone kwenye simu yake kwamba haijasikilizwa. Siku ya nne Mzee akafariki.

Familia ikamwomba aandike maneno ya kusomwa kwenye arobaini. Wiki nzima aliandika na kuchana.

"Nani atanikosoa sasa?" aliniuliza.

Uvumilivu ukanishinda. "Si iko sauti moja ulimunyima masikio? Fungua!"

Juzi asubuhi akaifungua. Kikohozi kwanza.

"Bon, Saidati. Nilikosea. Ile kifo ya mama yako, uiache. Ni mi nilikuwa naogopa kuisikia. Donc, yangu nayo uandike. Usifute."

Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia Mzee akikiri kosa. Sitasema Saidati alilia. Mikono yake ilikunja kitambaa, ikakikunjua, ikakikunja tena.

Simu ikaita. Alikuwa Isimbi, binti wa Mzee.

"Dada Saidati, umesikiliza? Nimeona alama imekuwa ya buluu. Baba aliniambia nisizime simu yake mpaka usikilize. Kila siku naitia moto kwenye chaja."

"Iko wapi hiyo simu?"

"Iko hapa mukononi. Sasa niizime?"

Saidati alivuta daftari lake.

"Usizime," akasema. "Kuna kitu nataka kumusomea."