Daku ya Mama na Hesabu ya Chembe

Kwa miaka kumi na miwili ya kazi ya maabara hapa Dodoma, nimewaambia wagonjwa maneno yaleyale: usile chochote kuanzia saa mbili usiku, maji ruksa, asubuhi njoo. Nimeyasema mpaka ulimi umeota sugu. Mama yangu mzazi ndiye niliyemfupishia. Yeye nilimwambia tu, "Kesho ufunge."

Alikuwa amekuja kutoka Kondoa baada ya arobaini ya mjomba, mdogo wake. Mjomba alianguka shambani katikati ya alizeti, moyo ukasimama, mtu mwembamba, ambaye miezi michache kabla alipimwa lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, akaambiwa yuko sawa. Daktari wetu aliposikia hayo alitaka mama apimwe kwa njia nyingine, ya kuhesabu chembe. Mafuta hayatembei yenyewe kwenye damu, hubebwa na chembe ndogondogo. Kipimo cha kawaida hupima uzito wa mzigo. Hiki huhesabu wabebaji, kwa sababu gunia la karanga ukiligawa kwa watu ishirini wenye vikapu, mzigo ni uleule lakini njia haipitiki, na hao wabebaji wakizidi ndio wanaojipenyeza kwenye kuta za mishipa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ugonjwa wa moyo ni wa wanene wa ofisi za serikali kule Mtumba wanaoshinda kwenye viti.

Alfajiri ya Alhamisi nilisikia sufuria jikoni kwangu Ipagala, nikadhani anachemsha maji ya kutawadha. Saa mbili alikuwa kwenye kiti cha kutolea damu, midomo imekauka. Mwenzangu alimchoma mara tatu ndipo mshipa ukapatikana. Damu ilipozungushwa kwenye mashine, majimaji yaliyojitenga juu yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Mtu aliyelala njaa hatoi majimaji ya namna ile. Nikamfuata nje kumuuliza kama amekula.

"Uliniambia nifunge," akasema, na alikuwa amechukia kweli. "Nani anafunga bila daku?"

Alikuwa amemaliza kiporo chote cha pilau, na samli juu yake, akatia nia, na tangu adhana hakugusa hata tone la maji. Tena alikuwa amefurahi kwamba mwanawe, ambaye sala zenyewe humpita, amekumbuka sunna ya Alhamisi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mrangi mzima, nimelelewa kwa daku, halafu nimesahau neno kufunga lina maana gani masikioni mwa mama yangu.

Daktari alicheka. Akasema vipimo vya mafuta mengine vitarudiwa, ila hesabu ya chembe haibadilishwi sana na mlo mmoja, sampuli iende. Ikaenda Dar es Salaam, na mama akabaki kwangu kusubiri. Hapo ndipo tuliponasa, wote wawili. Yeye alishinda nyuma ya geti na nondo za madirisha, hana jirani wa kumjulia hali, na alizeti zake zinaliwa na ndege. Kila jioni alinikumbusha kwamba majibu yakija mabaya ni ile daku, hakuna lingine.

Yalikuja Jumamosi ya wiki iliyofuata, nikayaona mimi kwanza kwenye kompyuta. Lehemu ilikuwa ya wastani, kama ya mjomba. Chembe zilikuwa nyingi kupita kiasi.

Maabara ina sheria, na mimi ndiye ninayewafundisha wanaoanza kazi: majibu hayatoki kinywani mwa mpimaji, hata kwa ndugu. Mwenzetu mmoja aliwahi kupoteza kazi kwa kumnong'oneza shemeji yake. Daktari alikuwa safarini hadi Jumatatu, na mama alishakata tiketi ya basi la Kondoa la Jumapili asubuhi. Nilimwomba asubiri siku moja tu, akasema alizeti hazisubiri. Nikisema, navunja kiapo. Nikinyamaza, anapanda basi akiwa ameshikilia daku yake, na namjua, akishafika kwake harudi. Hata kumweleza kwamba mlo mmoja hauongezi chembe nilishindwa, maana angeuliza kwa nini namweleza leo. Sikuona pa kutokea. Niliwakasirikia wote: daktari, waliotunga sheria, mjomba kwa kufa, na mama kwa kunitii.

Jioni ile, akipanga nguo zake kwenye begi, aliniuliza kama majibu yamekuja. Nikasema siruhusiwi kusema. Akaliacha begi, akanitazama.

"Yangekuwa mazuri ungeniambia tangu getini," akasema. "Nimeshajua. Sasa nyamaza, wasije wakakufukuza kazi."

Akampigia jirani yake wa Kondoa simu amwangalizie alizeti, sauti imetulia kabisa. Aliyelia ni mimi.

Jumatatu aliingia kwa daktari peke yake, akataka nibaki kwenye benchi na wagonjwa wengine. Alipotoka, ameshika karatasi ya dawa, alisimama mbele yangu pale mapokezi na kunieleza yote kwa sauti kubwa, tangu mwanzo, ili wenzangu wasikie kwamba ni yeye anayeniambia. Nami nikashtuka, kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.