XP ndani ya Windows 11, na badge ya Mama Shiro iliyopotea Giakanja

Wakuu, salamu kutoka Nyeri. Hii ilinipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi, na ile sehemu ya aibu nimeiacha ndani.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa town. Mambo ya virtual machine najua. Kompyuta moja, operating system mbili ama tatu, na hakuna inasumbua ingine.

Mama Shiro ako na duka Giakanja, anadarizi badge za sweta za shule. Mashini yake ya kudarizi inaelewana na program moja tu ya zamani, na hiyo program inataka Windows XP. Kompyuta yake ya XP ilipokufa, watu wakamwambia atupe mashini pia. Mimi nikamwambia atulie.

Nikachukua laptop ya Windows 11, nikaweka VirtualBox, ile program ya kutengeneza virtual machine, na ndani yake XP. Mashini ikaitika mara ya kwanza.

Nikapiga snapshot, yaani picha ya vile kila kitu iko saa hiyo. Nikamwambia, "Ikikusumbua, izime, bonyeza Restore. Itarudi vile nimeiacha."

Nikaenda zangu nikijisifu.

Sasa, shule moja ya karibu ikabadilisha badge. Wanafunzi wapya walikuwa wanaripoti Jumatatu, na sweta zisipokuwa tayari, hiyo kazi ingeenda kwa mtu mwingine. Mama Shiro alichora hiyo badge siku tatu, rangi kwa rangi, aka-save humo humo ndani ya XP.

Alhamisi XP ikakwama. Akaizima, akabonyeza Restore. Badge ikapotea, akanipigia simu.

Nilifika nikiwa na hasira. "Kwani Mama Shiro, hukuweka hata kwa flash?"

Akanijibu, "Uliniambia itarudi vile uliiacha. Si imerudi?"

Wakuu, alikuwa amesema ukweli. Makosa ilikuwa yangu, na niliona aibu.

Nikafungua orodha ya snapshot kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Nikakuta ziko mbili. Nikamuuliza ya pili ilitoka wapi.

"Sijui. Nilipobonyeza Restore kulikuwa na kisanduku kiko na tick. Nikaiacha. Mimi sitoi kitu ya mtu kama sijui inafanya kazi gani."

Hiyo tick ndiyo huhifadhi hali ya sasa kabla urudi nyuma. Mimi huitoa kila mara, ati inajaza disk.

Nikarudisha hiyo ya pili. Badge ikatokea, mpaka mti wa kahawa aliouchora katikati. Jumatatu asubuhi sweta zilikuwa zimefika shule.

Nilichojifunza: mteja aambiwe Restore inarudisha nini na inafuta nini. Na kazi yake ikae kwa shared folder, yaani folder ya laptop yenyewe, nje ya virtual machine. Ya Mama Shiro sasa iko huko.

Lakini ukweli ni huu. Siku hiyo ningekuwa mimi nimeshika hiyo mouse, badge ingeenda kabisa.

Haya, mafundi wa hapa: hiyo tick wewe huitoa ama huiacha? Mimi nishakiri yangu.