Bosi aliniambia nitoe "shikamoo" kwenye gemu, sasa anamwoa mdogo wangu

Admin, ficha jina langu na la mdogo wangu. Kigali ni ndogo na hapa Kagarama tunajuana hadi mbwa.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, sijaolewa. Nasema mapema ili wale wa "ana wivu huyo" waandike haraka watuachie nafasi. Tulikulia Tanzania, tukarudi Rwanda mdogo wangu akiwa darasa la kwanza. Baba alishafariki. Mdogo wangu ana miaka ishirini, yuko mwaka wa pili wa ukunga, na karo yake natoa mimi.

Nafanya kazi Kicukiro, kwenye ofisi ndogo inayotengeneza gemu za simu. Kazi yangu ni kuyatafsiri maneno yake kwa Kiswahili. Mwaka jana tulikuwa na gemu ya kamanda wa miaka arobaini na tano anayelinda kijiji. Ndani yake kuna msichana wa miaka kumi na tisa, binti wa rafiki yake marehemu. Mchezaji anampa msichana zawadi, kitenge, asali, bangili, na kila zawadi inajaza moyo mwekundu juu ya skrini. Ukijaa, msichana anampenda kamanda. Hivyo tu! Kama anachaji simu.

Hadithi hiyo aliiandika Bosi mwenyewe, kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ilipita kimyakimya. Msichana anasema "helo", mtu haoni kitu. Ila Kiswahili cha kwetu hakikubali. Binti wa miaka kumi na tisa akikutana na rafiki wa baba yake anasema shikamoo, naye anaitikia marahaba. Nikaandika hivyo. Mtu anaitikia marahaba asubuhi, jioni anamshika binti huyohuyo mkono na kumwambia mpenzi. Ofisi nzima tulisoma tukaona aibu.

Bosi akaniita. Yeye ana arobaini na sita, amekulia Uganda.

"Wewe sha, hii shikamoo ya nini? Inafanya kamanda anaonekana muzee."

"Bosi, si ni mzee kwake? Tumpunguze miaka basi."

"Hapana. Miaka iko sawa. Toa shikamoo."

Nikaitoa. Tena nikamwandikia kamanda maneno matamu, maana ndiyo kazi: "Miaka yangu waihesabu wengine. Wewe nihesabie siku tutakazoishi pamoja."

Ilipotakiwa sauti ya msichana, nikampeleka mdogo wangu apate vijisenti vya wikendi. Siku ya kwanza alimwamkia Bosi kwa heshima zote, alivyofundishwa na mama. Bosi akacheka, akamwambia, "Usinizeeshe, wewe." Baada ya wiki kadhaa naingia studio nasikia mdogo wangu anamuuliza Bosi, "Vipi, umekula?" Heshima ile hakuisahau, iliondolewa, kama nilivyoiondoa mimi kwenye gemu.

Kumbe zawadi zilikuwa zimeshaanza. Simu, viatu, saa. Nilipombana nyumbani alinijibu bila hata kuinua macho:

"Dada, miaka yake waihesabu wengine."

Nilitamani kumzaba kofi. Nikamuuliza anajua maneno hayo ni ya nani. Akasema, "Ni yako. Nilipoyasikia kwenye maiki nililia. Yeye huniambia hayohayo kila siku, na yeye anamaanisha."

Jamani, inauma! Mwanaume hakuweza hata kutongoza kwa maneno yake. Kanilipa mshahara nimtungie, kisha kayapeleka chumba cha pili kwa mtoto wa mama yangu.

Kibaya zaidi, mdogo wangu hataki kurudi chuo. Bosi kamwambia kwamba mke wake hatazalisha watu usiku, atakaa nyumbani apumzike. Miaka ishirini, apumzike na nini? Mama, ambaye amemzidi mkwe wake miaka miwili tu, anasema, "Mwanaume mtu mzima hasumbui. Baba yenu angefurahi." Baba yetu aliuza pikipiki yake ili mimi nisome.

Jumamosi Bosi na wazee wake wanakuja gufata irembo, yaani kubisha hodi rasmi kabla ya posa. Mama anataka mimi ndiye niwakaribishe. Kazi nitapoteza, sawa, nitatafuta nyingine. Ila jana mdogo wangu alinishika mkono akasema, "Ukisema neno mbele ya wageni, naondoka nao siku hiyohiyo. Hutajua hata nitakapojifungulia."

Ninyi mliolea wadogo zenu, nawauliza. Nikisema, nampoteza Jumamosi. Nikinyamaza, nampoteza polepole, huku namuona. Nifungue mdomo, au niwamiminie wageni soda?